Elizabeth Gaskell na Mama Mkubwa Aliyemlea

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam kutoka Ng'ambo, Tabora. Mimi nimelelewa na mama mkubwa tangu nikiwa mchanga. Nimesikia kwamba Elizabeth Gaskell, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, naye alilelewa hivyo. Je, maisha hayo ya nyumbani yanaonekana katika riwaya zake, au ni wahakiki tu wanaoyatafutia nafasi humo?

JIBU: Yanaonekana, dada yetu, ingawa hakuyanakili kama yalivyokuwa. Gaskell alizaliwa London mwaka 1810, akafiwa na mama yake akiwa na umri wa mwaka mmoja na ushei, ndipo akapelekwa mji mdogo wa Knutsford kwa mama yake mkubwa, Hannah Lumb. Huko alikulia miongoni mwa wanawake watu wazima waliojua kulinda heshima kwa kipato kidogo, na hao ndio waliojaa katika riwaya yake ya Cranford, iliyoanza kutoka kwa mfululizo mwaka 1851. Kaka yake John, ndugu pekee wa tumbo moja aliyekuwa hai, alikuwa baharia na alipotea mwishoni mwa miaka ya 1820, asionekane tena. Katika Cranford, Peter aliyepotea miaka mingi anarudi kwa dada yake kutoka India.

Kwangu mimi, lililo zito zaidi ni kifo cha mwanawe William, aliyechukuliwa na homa nyekundu mwaka 1845 kabla hajatimiza mwaka. Mumewe, mchungaji mjini Manchester, alimhimiza aandike ili apate faraja, na mwaka 1848 ikatoka riwaya yake ya Mary Barton. Isome taratibu sura ya tatu: John Barton ameachishwa kazi kiwandani, mwanawe anaugua homa hiyo hiyo na anahitaji chakula bora, baba, mwenyewe akiwa na njaa, anasimama mbele ya dirisha la duka lililosheheni nyama na jibini, anamwona mke wa tajiri wake wa zamani akitoka na vitu vya karamu, kisha anarudi nyumbani na kukuta mtoto amekwisha kufa. Gaskell hakuijua njaa ile, ila uchungu wa kuzika mtoto aliujua, akamvika mtu asiyekuwa hata na senti ya kumlisha mgonjwa wake. Naamini kwamba pasipo msiba huo angewaandika wafanyakazi wa Manchester kwa huruma ya jirani, wala si kwa hasira ya mzazi.