Mtoto wa miezi 16 hakai, hatamki na chakula kinampalia: anzia kwenye kijiko

Dada wa Makorora, nimesoma ulivyoeleza. Mtoto ana miezi 16, hakai mwenyewe, shingo inalegea akichoka, ukimnyanyua miguu inakakamaa na kupishana kama mkasi. Hajatamka neno na kila mlo anapaliwa. Bibi yake anataka apelekwe pwani akachimbiwe shimo la mchanga, jirani anakwambia umwache tu, kuna watoto wazito wa kuanza mambo. Nitajibu kwa kirefu kwa sababu mambo haya yanashikana.

Kwanza hilo la kusubiri. Watoto hawalingani, lakini kutolingana kuna mpaka. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, karibu watoto wote wenye afya huwa wanakaa bila kushikwa wakifika miezi 9 na kidogo, na wanatembea wakifika miezi 17 na nusu hivi. Aliyezaliwa njiti unamtolea muda aliowahi: kama aliwahi miezi 2, akiwa na miezi 10 mhesabie 8. Wako hata ukimtolea hiyo bado yuko nje ya mpaka. Tena miguu kupishana si uzito wa mtoto. Miguu inayokakamaa, ngumi zinazofumbwa muda wote, au mtoto anayetumia mkono mmoja tu kabla hajatimiza mwaka, hizo ni dalili za ubongo ulioumia mapema, kwa sababu kama kuchelewa kulia alipozaliwa, manjano makali ya siku za mwanzo, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani. Mara nyingi chanzo hakijulikani, na kazi iliyo mbele yako inabaki ileile.

Kazi hiyo haimalizwi na mtaalamu wa mazoezi. Akikuona nusu saa kwa wiki, saa zote zilizobaki mtoto yuko mikononi mwako: analishwa, anabebwa, anaogeshwa, analazwa. Namna unavyofanya hayo ndiyo mazoezi yenyewe.

Anza na chakula, kwa sababu ndicho kinachoweza kumuua. Chakula kikiingia njia ya hewa mara kwa mara, kinazaa nimonia isiyokwisha. Kinachozidisha kupaliwa ni mkao. Mtoto analazwa chali mapajani, kichwa kinaning'inia nyuma, uji unateremka wenyewe kabla hajajiandaa kumeza. Inua kidevu utazame dari, kisha jaribu kumeza mate, utaona shida anayoipata.

Kaa chini kwenye mkeka, mgongo ukutani. Mweke mtoto mapajani kwako kwa upande, makalio yazame katikati ya mapaja yako ili nyonga zake zikunjike. Mkono wako mmoja uzunguke nyuma ya mabega yake, na mikono yake yote miwili ije mbele. Usimsukume kisogo kwa kiganja: watoto wa aina hii ukiwagusa kisogo wanajirusha nyuma kwa nguvu, na hapo ndipo mama anadhani mtoto anakataa chakula. Shika mabega, kidevu kitashuka chenyewe kidogo. Akijirusha hata hivyo, kunja nyonga zaidi, inua magoti yake yaje juu, ngoja alegee, ndipo uendelee.

Kijiko kiwe kidogo na kisiwe na shimo refu. Cha plastiki nene ni bora: cha bati kinamuumiza akiuma, na plastiki nyembamba inakatika mdomoni. Jaza nusu tu. Kilete kutoka mbele, chini ya usawa wa macho yake, maana kikija kwa juu atakifuata kwa macho na kichwa kitarudi nyuma. Kiweke katikati ya ulimi, kandamiza kidogo, kisha ngoja. Ngoja mpaka mdomo wa juu ushuke ukifute, ndipo ukitoe moja kwa moja. Watu wengi hukikwangua kwenye fizi ya juu ili chakula kibaki. Hiyo inamfundisha kutotumia midomo, na midomo hiyohiyo ndiyo atakayoihitaji kutamka "mama" na "baba". Akiking'ata usikivute. Akiachia, toa. Na usiweke kingine kabla hujaona koo limepanda na kushuka.

Uji mwepesi, ambao wengi hudhani ndio rahisi kwake, ndio unaopalia kuliko wote, kwa sababu unakimbia. Upike uwe mzito kiasi kwamba ukigeuza kijiko unadondoka polepole kwa bonge. Usifike kunata kama ugali. Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi: unga wa kimea unasifiwa, na kwa mtoto anayemeza vizuri una faida, maana unalainisha uji mzito na kumwezesha kula unga mwingi. Kwa mtoto anayepaliwa, kulainisha huko ndiko tusikokutaka.

Ule unga wa lishe wa nafaka saba unaouzwa sokoni mimi siupendi kwa mtoto huyu. Vitu vinavyoiva kwa muda tofauti vimesagwa pamoja, na soya ambayo haikuchemshwa wala kukaangwa inasumbua tumbo na kuzuia protini isitumike. Tumia unga wa aina moja, mahindi au mtama au ulezi, halafu kila mlo ongeza kitu kimoja: kijiko kikubwa cha karanga zilizosagwa laini, au unga wa dagaa, au yai lililopondwa, au tui zito. Kisha kijiko cha chai cha mafuta kwa kila bakuli. Mwili uliokakamaa unachoma nguvu siku nzima na mtoto anakula kidogo, kwa hiyo kidogo hicho kiwe na uzito. Karanga zenye kuvu au uchungu tupa. Chai ya rangi usimpe na chakula, inazuia madini ya chuma, na mtoto mwenye upungufu wa damu analegea zaidi. Chumvi nayo, kwa kuwa pwani yetu ina mashamba ya chumvi na ile ya mawe inauzwa bei nafuu, hakikisha unatumia iliyotiwa madini joto.

Maji yanampalia kuliko uji. Chukua kikombe laini cha plastiki, kata upande mmoja wa ukingo kipande cha nusu mwezi, kisha lainisha palipokatwa kwa msasa. Upande uliokatwa unaelekea puani, hivyo anakunywa mpaka mwisho bila kuinua kidevu, nawe unaona maji yamefika wapi. Fundo moja, pumzika, jingine. Chupa ya chuchu iache.

Mlo usizidi nusu saa, bora milo midogo mitano kwa siku. Akimaliza abaki wima nusu saa nyingine. Ukisikia sauti yake ina majimaji baada ya kumeza, macho yanatoa machozi kila mlo, kifua na homa vinarudi rudi, au kadi ya kliniki inaonyesha uzito haujapanda miezi miwili mfululizo, hayo usiyatibu nyumbani.

Sasa kukaa, na shimo la mchanga. Bibi asibezwe, shimo hilo lina akili ndani yake, ila linafanywa vibaya. Mtoto anasimamishwa shimoni, mchanga hadi kiunoni, miguu imenyooka, anaachwa juani. Mchanga hauimarishi mfupa, na miguu inayokakamaa ikinyooshwa hivyo inazidi kukakamaa na kusimama kwa ncha za vidole. Badala yake chimba shimo fupi la kukaa, kivulini, kina kisichozidi nyonga zake, nyuma uache mchanga uwe mgongo wa kiti. Makalio yazame, magoti yakunjike, mchanga umshike nyonga pande zote mbili. Mbele mwekee bakuli au maganda ya kome achezee. Dakika 10 hadi 15, nawe uko pembeni yake. Hapo nyonga zimeshikwa, kwa hiyo mgongo na mikono vinapata nafasi ya kufanya kazi. Nyumbani, kona ya ukuta na mito ya kanga zilizokunjwa hufanya kazi hiyohiyo.

Baadaye mpeleke kwa fundi seremala amtengenezee kiti, lakini usimwache fundi akadirie. Mkalishe mtoto, mgongo ukutani, pima mwenyewe. Kutoka makalio hadi nyuma ya goti, toa sentimita 2 hadi 3, hicho ndicho kina cha kiti. Kutoka nyuma ya goti hadi kisigino ni urefu kutoka pa kukalia hadi pa kukanyagia. Upana wa nyonga, ongeza sentimita 1 kila upande. Kutoka pa kukalia hadi kwenye kiwiko kilichokunjwa ni urefu wa meza. Makosa ya mafundi ni yaleyale: kiti kinakuwa kirefu kwenda nyuma, mtoto anateleza na kujikunja, hakuna pa kukanyaga, miguu inaning'inia na kukakamaa, mkanda unafungwa tumboni. Mkanda upite kwenye mkunjo wa nyonga, uvutwe kuelekea chini na nyuma. Katikati ya magoti wekea kigogo kifupi kilichovikwa sponji ili mapaja yasipishane. Nusu saa, kisha mbadilishe mkao. Ukiona wekundu ambao haujafifia nusu saa baada ya kumtoa, kuna mahali panambana.

Mbeleko yetu ni kifaa kizuri kuliko vingi vya kununua. Mtoto wa miguu ya mkasi abebwe mgongoni, miguu imekizunguka kiuno chako imetanuka, au ubavuni akiwa amekupanda vivyo hivyo. Kumlaza mikononi kama kichanga kunamzoesha kukakamaa na kutazama dari. Unapombadilisha nguo, usiivute miguu kuitenganisha. Kunja kwanza magoti yaje kifuani, tikisa taratibu, yakilegea tanua. Kumrusharusha umemshika makwapani akikanyaga kwa vidole, acha. Kigari cha magurudumu cha kujifunzia kutembea kisinunuliwe kabisa: kinafundisha kukanyaga kwa ncha, na kinamfikisha jikoni kwenye moto kabla hujageuka.

Kulalia tumbo pia. Saa moja baada ya kula, kunja kanga iwe mviringo mnene kama mkono wako, iweke chini ya kifua, mikono ipite mbele. Lala naye uso kwa uso. Dakika 3 zinatosha mwanzoni, ukirudia mara kadhaa kwa siku. Akichoka, uso unashuka, hapo mtoe, usimsubirishe mpaka alie.

Kuhusu kutotamka, kapime masikio kwanza. Manjano makali, homa ya uti wa mgongo na usaha wa masikio unaojirudia vyote vinaharibu usikivu, na mtoto asiyesikia huonekana haelewi. Kupiga makofi nyuma yake hakutoshi, anaweza kuhisi upepo au kuona kivuli. Wakati unangoja kipimo, tumia beseni la kuogea. Kila siku maneno yaleyale: "maji", "mguu", "mkono". Sema "maji", inua kata, kisha nyamaza huku ukimtazama, uhesabu moyoni hadi 10. Akitazama kata, akitoa sauti, akisogeza kidole, hilo ni jibu, mmwagie. Wengi wetu tunasema na kumwaga papo hapo, mtoto hapati nafasi ya kuomba. Simu na katuni hazingoji, kwa hiyo hazifundishi kujibu.

Yapo mambo ambayo hayangoji hata wiki. Mtoto anayepoteza alichokuwa anakiweza. Kichwa kinachokua haraka, utosi umetuna, macho yanaelekea chini kama jua linalozama: hicho ni kichwa kikubwa cha maji, na upasuaji wake hufanyika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Na kushtuka kwa mafungu: mtoto akiamka anainamisha kichwa na kurusha mikono, anatulia, anarudia, mara nyingi mfululizo. Wapo wanaosema ni chango. Ni aina ya kifafa cha wachanga inayoharibu ubongo kila siku inayopita, na video ya simu ya dakika 1 inamsaidia daktari kuliko maelezo yoyote.

Degedege likimpata, mlaze ubavu, legeza nguo, tazama saa. Kijiko wala kidole visiingie mdomoni, na asifukizwe chochote. Likipita dakika 5, ni hospitali. Kama ameandikiwa dawa ya kifafa usiikatishe ghafla, hata kama ana mwezi mzima hajapata, maana kuikata kunaweza kuleta degedege lisilokoma.

Familia ikisema ni zongo au jini, usipigane nao. Dua asomewe, kombe (maji yaliyooshea maandishi ya Kurani) hata likiwepo lisichukue nafasi ya dawa, na kunywa kwake kufuate mkao uleule wa kumeza niliousema. Kinachokatazwa ni moshi, kwa mtoto wa kifua dhaifu. Baba naye apewe mlo mmoja wa siku autawale yeye, wa jioni unafaa. Mama pekee mgongo hautafika mbali, mtoto anaongezeka uzito.

Wiki hii nenda kituo unakohudhuria kliniki, umwambie muuguzi waziwazi kwamba mtoto hakai na anapaliwa. Usingoje chanjo ya surua ya miezi 18. Omba rufaa ya kwenda Bombo, hospitali ya mkoa wa Tanga, uulize daktari wa watoto na kitengo cha mazoezi tiba. Chukua kadi ya kliniki, karatasi ya kujifungulia kama ipo, na video mbili: moja akila, nyingine ukimnyanyua. Ukiambiwa uende Dar es Salaam, Muhimbili au CCBRT, hospitali inayohudumia watu wenye ulemavu, hakikisha una barua ya rufaa mkononi kabla ya kukata tiketi, na ndani ya basi usimlishe mtoto likiwa mwendoni. Mpe chakula saa nzima kabla ya kupanda, na kingine basi likisimama.