Pono wawili au mmoja?

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Kila mwezi huenda kisiwa cha Mbudya na miwani ya kuzamia, nikirudi nyumbani naandika samaki niliowaona. Safari iliyopita niliandika pono wa aina tatu. Rafiki yangu alipotazama picha alisema wawili ni aina moja. Inawezekana?
Msomaji, Kunduchi

JIBU: Inawezekana kabisa. Pono wengi huanza maisha wakiwa majike, kisha baadhi yao hugeuka madume, na rangi hubadilika pamoja na jinsia. Chlorurus sordidus jike ni wa kahawia, pengine na weupe shinani mwa mkia wenye doa jeusi. Dume ni wa kijani na buluu. Watoto nao hupotosha, hata kwa samaki wasio pono: Pomacanthus imperator akiwa mdogo ana miviringo myeupe juu ya buluu iliyokoza, akikomaa anakuwa na mistari ya njano.

Maji nayo humeza rangi. Wekundu hufifia ndani ya mita chache tu, kwa hiyo picha ya kina cha mita 10 si ushahidi wa rangi. Anza na umbo la mkia na mdomo, halafu alama: mstari unaopita jichoni, doa na mahali lilipo. Lethrinus harak, kwa mfano, ana doa jeusi ubavuni. Pale soko la samaki la Feri yeye na jamaa zake wengi wote ni changu tu. Jina la sokoni liandike, lakini peke yake halitoshi.

Kosa kubwa zaidi ni kuandika ukisharudi nyumbani. Chukua kipande cha plastiki nyeupe, kisugue kwa msasa, funga penseli kwa kamba, uandike humo humo majini. Plastiki ikilainika penseli huteleza, isugue tena. Weka tarehe, saa, kina, kama maji yanajaa au yanakupwa, na unaona umbali wa mita ngapi. Maji mafu yanafaa kuliko bamvua, maana mkondo hupungua.

Ukitaka kuhesabu, tandaza utepe wa mita 50, subiri samaki watulie, kisha hesabu walio ndani ya mita 2.5 kila upande. Wanaokupita kutoka nyuma waache, usije ukawahesabu mara mbili. Pono usiyemjua andika "Scarus sp." (yaani wa jenasi Scarus, aina haijulikani) na mchoro mdogo, jina la kubahatisha huharibu orodha nzima. Usivue sampuli: Mbudya ni hifadhi tangu 1975, na picha nzuri ya ubavu inatosha.

SWALI: Samaki ninaowakadiria urefu huwa wakubwa mno. Kwa nini?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Kupitia kioo cha miwani, kitu kilicho majini huonekana kikubwa kwa takriban theluthi moja: wa sentimita 30 unamwona kama wa 40. Kata mabomba ya plastiki ya sentimita 10, 20 na 30, mwenzako ayatawanye chini, uyakadirie kwa mbali kabla ya kuanza hesabu. Rudia kila safari, kwani jicho husahau haraka.