Kabati la zamani kuwa baa ya nyumbani: angalia haya kabla hujatoa hela

Nianze na kitu ambacho muuzaji wa fanicha za kale hatakwambia hata umnunulie soda, polishi nyingi za zamani zinayeyuka kwa pombe. Ndiyo, pombe hiyo hiyo unayotaka kuimwagia juu. Ile polishi ya kung'aa sana ambayo mafundi wa zamani walikuwa wanaipaka kwa kitambaa mkono kwa mkono inaitwa shelaki, inatokana na utomvu wa wadudu fulani wa India na ili ipakike lazima iyeyushwe kwenye spiriti. Sasa wewe unaweka glasi ya wiski yenye pombe asilimia 40, inadondoka kidogo, mgeni anacheka anasahau kufuta, asubuhi unakuta duara jeupe na pale katikati panagandisha kidole. Kwa shemeji yangu kuna kabati zuri mno la mninga ambalo juu yake sasa hivi ukilala na kiwiko shati linabaki hapo hapo.

Kwa hiyo mi nikienda kuangalia kabati au meza ya kale kwa ajili ya vinywaji huwa nabeba pamba na kichupa cha spiriti. Unamuomba muuzaji kistaarabu, unachovya pamba, unagusa sehemu isiyoonekana, nyuma ya mguu au ndani ya mlango, unasubiri kidogo alafu unapitisha kidole. Ikinata na pamba ikatoka na rangi ya chai, hiyo ni shelaki. Haina maana usinunue! Shelaki ni nzuri na inarekebishika kirahisi kuliko vanishi za kisasa, ila utahitaji kioo juu. Kata kioo cha milimita 6, fundi akisage pembeni, weka vipande vidogo vya mpira kwenye kona ili hewa ipite, maana kioo kikilala moja kwa moja juu ya mbao unyevu unanasa chini yake na unarudi kwenye tatizo lile lile. Tafadhali usimruhusu fundi aje na mashine ya msasa apige mpaka mbao iwe nyeupe af apake vanishi ya gari. Nimeona vitu vya kulia kabisa vimefanyiwa hivyo, na ukishaondoa ile rangi ya miaka hairudi.

Na wanaopenda kabati lenye bamba la marumaru juu wakidhani hapo wamemaliza, ndimu inakula marumaru. Ukikatia ndimu pale juu unabaki na madoa yaliyofifia ambayo hayatoki kwa kufuta, kwa hiyo kibao cha kukatia kiwepo.

Sasa stuli. Hapa ndo watu wengi wanapigwa, kwa sababu stuli ya zamani ya chuma au ya mbao iliyopindwa inavutia kwa macho unanunua nne unafika nyumbani magoti yanagonga. Kaunta ya baa inakuwa na urefu wa sentimita 105 mpaka 110 na stuli yake kama 75. Kaunta ya kawaida ya jikoni ni kama 90, hiyo inataka stuli ya 60 mpaka 65. Kumbuka tu kati ya kikalio na chini ya kaunta kuwe na sentimita 25 mpaka 30, na kila mtu mpe kama 60 za upana, wenzetu wenye miili wataelewa. Nenda na tepu. Ukifika kaa, jizungushe, egemea upande mmoja kama mtu aliyekwisha kunywa mbili. Ikitoa mlio angalia ile duara ya kukanyagia miguu, pale ndo panaachia kwanza. Zile za mbao iliyopindwa kwa mvuke, mtindo ulioenezwa na Michael Thonet kule Vienna kwa kiti chake cha mwaka 1859, nyingi zimefungwa kwa skrubu tu, unakaza zinarudi imara. Ila mbao ikishapasuka kwenye mkunjo achana nayo.

Umri wa kitu usiamini mdomo. Geuza kabati uangalie mgongo, toa droo uangalie chini yake. Droo ya kazi ya mkono pembe zake ni meno yamechongwa yakaumana na hayalingani sawasawa, ya mashine yanalingana kama yamepigwa chapa. Skrubu zenye kichwa cha nyota zilianza kuenea miaka ya 1930, kwa hiyo mtu akikwambia hili la wakati wa Mjerumani na bawaba zote zina nyota, ama zilibadilishwa ama anakuongopea, vyovyote vile bei ishuke. Vishikio vya shaba jaribu na sumaku, ikishika hiyo ni chuma kimepakwa. Na gonga gonga juu ya gazeti, unga laini ukidondoka wadudu bado wako kazini humo ndani. Matundu makavu yasiyo na unga si tatizo sana.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni redio gramu, yaani redio na kinanda cha santuri ndani ya kabati moja. Zile kabati za wazee za miaka ya 50 na 60, Grundig, Philips, zenye miguu myembamba na milango ya kusukuma, na baadhi za Ujerumani zilitoka kiwandani kabisa zikiwa na sehemu ya chupa yenye kioo ndani. Iliyokufa ndani ni baa iliyokwisha tengenezwa, pima tu kama chupa ya sentimita 32 inasimama. Ila inayopiga usiing'oe jamani, mpe mtu anayejua redio. Na hata iliyokufa usiingize mikono humo kichwa kichwa, zina vitu vinavyohifadhi umeme hata ikiwa imechomolewa.

Milango ya kuchonga ya pwani kugeuzwa kaunta mi siipendi, na sheria ya mambo ya kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inailinda ile iliyochongwa kabla ya 1940, kwa hiyo uliza vizuri kabla hujaingia kwenye kesi. Kiti cha enzi, kile kiti cha kifahari cha pwani, chenye vipande vyeupe hakikisha ni mfupa na sio pembe ya ndovu, hasa kama una mpango wa kuhama nacho nchi.

Chupa nzito za kioo cha kukatwa zinazouzwa pamoja na makabati haya nyingi zina madini ya risasi ndani ya kioo, mimina wiski wageni wakifika, wakiondoka irudishe kwenye chupa yake, usiiache humo miezi.

Mwisho kitasa, hasa ukiwa na watoto nyumbani. Makabati mengi funguo zilishapotea na fundi wa kuchonga funguo ataitengeneza ukimpelekea kitasa chenyewe, ila nikikuta funguo ya asili bado ipo na inazunguka vizuri, hapo hata muuzaji akikaza bei kidogo huwa natoa tu.