Mtaalamu wa matamshi kwa mtoto njiti, wa nini?

Dada, hongera na pole. Umeuliza kwa nini mtoto wa wiki 31, bado yuko wodi ya njiti hapo Moshi, aletewe mtaalamu wa matamshi wakati hata kulia bado analia kama kipaka. Nami nilicheka nilipoambiwa hivyo. Kumbe mdomo, ulimi na koo vinavyotamka ndivyo vinavyonyonya na kumeza, na kwa watoto hawa kazi ya mtaalamu huyo inaanzia hapo.

Njiti anaweza kufyonza kidole chako vizuri tu. Shughuli ni kufyonza, kumeza na kupumua kwa zamu bila kupaliwa, na hilo huanza kukaa sawa karibu na wiki ya 34, ukihesabu na za tumboni. Kabla ya hapo maziwa hupita kwenye mpira wa puani. Yakiwa yanapita, mwombe nesi umweke kwenye ziwa ulilokwisha kulikamua: analamba, anafyonza kidogo, anaanza kuhusisha shibe na ziwa. Mimi hilo ndilo lililonisaidia, hilo na kangaruu, yaani kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi.

Siku ya kunyonya kweli usikodolee mililita, mtazame uso. Akikunja paji, akitanua vidole, mpumzishe. Akibadilika rangi mdomoni, acha kabisa na umwite nesi. Usimsukumie chupa ili amalize, hata bibi yake aseme nini.

Na uongee naye, Kichaga, Kiswahili, chochote; sauti yako aliizoea tumboni. Polepole tu, mashine zenyewe zina kelele za kutosha.