Kengele ya Getini Inalia Bila Mgeni

SWALI: Nyumba yetu iko ndani ya kihamba (shamba la migomba linaloizunguka nyumba) huko Kibosho, Moshi, kama mita 70 kutoka getini, na gari likiingia hatulisikii mpaka lifike mlangoni. Nilinunua kengele isiyotumia waya, yenye kihisi cha betri na kipokezi cha kuchomeka ukutani. Kihisi nimekifunga juu kabisa ya nguzo ya geti, kikitazama ndani kufuata njia. Mchana kinalia ovyo, ilhali magari mengine yanapita kimya. Masika yalipoanza nilikifunika kwa kopo la plastiki angavu, kikanyamaza moja kwa moja. Je, nimeuziwa kifaa kibovu?
Msomaji, Kibosho

JIBU: Sidhani kwamba ni kibovu, na lile kopo ndilo linalonipa hakika hiyo. Kihisi cha aina hii hakioni kama jicho. Hupokea mionzi ya joto, na mionzi hiyo haipiti katika kioo wala katika plastiki nene, hata iwe angavu kiasi gani kwa macho yetu. Kile kifuniko cheupe cha ukungu kilicho mbele yake kimetengenezwa kwa plastiki nyembamba ya aina maalumu inayoipitisha. Liondoe kopo, kisha ukitengenezee kihisi kipaa kidogo cha bati juu yake, uso wake ukiachwa wazi.

Ndani ya kihisi mna vipande viwili pacha, na kengele hulia pale kimoja kinapopokea joto kabla ya mwenzake. Mtu au gari linalokatiza mbele yake hugusa kimoja kisha kingine, kwa hiyo hutambuliwa upesi. Linalokijia au kukiacha kwa mstari ulionyooka huongezeka au kupungua kwa vyote viwili karibu sawasawa, na huweza kupita bila kutambuliwa. Wewe umekielekeza kufuata njia, yaani upande ambao ni dhaifu kuliko zote. Kihamishe mita chache ndani ya geti, kwenye nguzo imara kando ya njia, kimo cha mita moja hivi kutoka ardhini, kitazame kukatiza njia na wala si kuifuata. Kisielekezwe chini, maana mbwa wa jirani atakuwa mgeni wenu wa kila saa.

Kuhusu kulia ovyo mchana, nashuku migomba. Jani lililopigwa na jua likipepea mbele ya kivuli chenye ubaridi, kwa kihisi hilo ni joto linalotembea. Kata majani yaliyo mbele yake (mkungu hautadhurika), au ubandike utepe wa alumini kwenye sehemu ya uso wake inayotazama migomba. Epuka pia kukielekeza mashariki au magharibi, ambako jua la asubuhi au la jioni litakiingia moja kwa moja.

Limebaki suala la umbali. Mita zinazoandikwa kwenye boksi hupimwa uwanjani pasipo kizuizi, ilhali kati ya geti lako na sebule kuna migomba iliyojaa maji, ambayo hunyonya mawimbi ya redio, na pengine kuta na mabati, ambayo huyazuia. Kabla hujatoboa nguzo, mtu mmoja ashike kihisi mahali panapokusudiwa na mwingine asikilize ndani. Kipokezi kikikosa ishara, kisogeze kwenye dirisha linalotazama geti. Jaribio hilo ulirudie siku ya mvua, kwa kuwa majani yaliyolowa huzuia zaidi.

Ukitaka kutambua magari peke yake, vipo vihisi vya sumaku vinavyofukiwa kando ya njia, ambavyo huitikia chuma kikubwa kinachopita na kupuuza majani na mbwa. Lakini mtu anayekuja kwa miguu hatatambuliwa, na kwa nyumba iliyojificha kihambani mimi nisingekubali hasara hiyo. Na kwa kuwa kipokezi chako ni cha kuchomeka ukutani, umeme ukikatika nacho kitazima, hata betri za kihisi ziwe mpya. Kama hakina nafasi ya betri za akiba, kitafutie chanzo kidogo cha umeme wa dharura.