Mwendokasi Ikifika Mlangoni Pako: Ushauri kwa Mwenye Fremu

Kama una fremu, yaani chumba cha biashara, kwenye Barabara ya Nyerere, Uhuru au Bagamoyo hapa Dar es Salaam, na mbele ya mlango wako kuna mtaro, kifusi na mabati ya mkandarasi wa mwendokasi, mradi wa mabasi yaendayo haraka, usikimbilie kuhama. Usikimbilie kubaki pia. Jua kwanza wateja wako wanatoka wapi, na mradi ukiisha watakuwa wanavukia wapi.

Mimi nauza chakula. Asubuhi ni supu, chapati na chai, mchana ni wali na ugali. Nilianza kando ya Barabara ya Morogoro daladala zikiwa bado zinapita pale, nikakaa ujenzi wote wa awamu ya kwanza, na hadi leo nipo. Awamu ile, kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, ni kama kilomita 21, na mabasi yalianza kubeba abiria Mei 2016. Nimeona majirani waliofunga na nimeona waliokua. Tofauti yao mara nyingi haikuwa mtaji. Ilikuwa ni mahali walipokaa kuhusiana na miguu ya watu.

Daladala ilikuwa inashusha pembeni. Abiria wa kwenda mjini alisimama upande mmoja wa barabara asubuhi, na jioni akashuka upande wa pili. Kwa hiyo kulikuwa na upande wa chai na upande wa mboga, na kila mfanyabiashara alijua wake. Tena konda alikuwa anashusha popote penye nafasi, hivyo hata fremu iliyo mbali na kituo ilipata riziki yake. Mwendokasi inasimama katikati ya barabara, na mara nyingi kituo ni kimoja kwa wanaokwenda na wanaorudi. Abiria anavuka asubuhi akienda, anavuka jioni akirudi, na anavukia palepale penye kivuko, yaani pundamilia au daraja la waenda kwa miguu. Awamu ya kwanza yote ina vituo vya njiani 27 na vituo vikuu vitano. Fremu iliyo katikati ya vituo viwili inaona mabasi yakipita siku nzima yamejaa watu ambao hawatashuka hapo kamwe.

Na upande gani wa barabara? Ule wenye nyumba nyingi nyuma yake. Huo unapata mtu yuleyule mara mbili kwa siku. Upande ambao nyuma yake ni ukuta wa kiwanda au yadi ya magari unapoa, hata kama fremu zake ni nzuri zaidi na kodi ni ileile. Barabara ikishapanuliwa, watu hawavuki njia zote zile kwa ajili ya chapati moja.

Kwa hiyo kabla hujampa dalali hata shilingi, nenda kasimame kwenye kivuko saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili, halafu urudi saa kumi na moja jioni ukae mpaka giza liingie. Angalia watu wanatokea uchochoro gani. Angalia kijiwe cha bajaji na bodaboda kiko wapi, maana abiria wengi wa mwendokasi safari yao haiishii kituoni, wanaunganisha kwenda ndani. Njia kati ya kivuko na kijiwe hicho ndiyo soko lako. Mimi ningechukua fremu ndogo ya mtaa wa pili iliyo juu ya njia hiyo kuliko fremu kubwa inayotazama barabara kuu lakini kivuko kiko mbali. Na kodi yake kwa kawaida ni nafuu. Kama kituo chako bado hakijajengwa, waulize mafundi wa mradi au ofisi ya serikali ya mtaa kituo na kivuko vitakaa wapi. Michoro ipo, na ina majibu ambayo dalali hana.

Kipindi cha ujenzi ndicho kinachoua biashara nyingi, kwa hiyo nikizungumzie kwa kirefu. Vumbi linaingia kila mahali. Bomba linakatwa, umeme unazimika, na mteja wa kupita anatoweka kwa sababu hana pa kukanyaga. Mwombe msimamizi wa eneo akuwekee mbao imara za kuvukia mtaro. Kwa niliyoyaona, ukiomba kwa heshima na mapema unapewa. Panga fedha yako ukijua mauzo yatashuka kwa muda mrefu kuliko ulivyoambiwa. Punguza bidhaa zinazoharibika. Kama una mfanyakazi, kaeni chini mzungumze mapema kuhusu zamu, asije akagundua mwenyewe siku ya mshahara.

Lakini mtaro ule unaleta wateja pia. Vibarua, madereva wa magreda, walinzi wa usiku, wapima ardhi, wote wanakula, na wanakula asubuhi sana na kwa kushiba. Kwangu mimi hao ndio waliolipa kodi ya fremu kwa kipindi kirefu. Ongeza sahani kubwa, weka maji ya kunawa, fungua mapema. Tatizo lao ni daftari. Kibarua analipwa mwisho wa wiki au mwezi, na anataka kuandikiwa. Andika, lakini weka kikomo kwa kila mtu, na usikubali deni la kundi zima kwa neno la nyapara. Kuna kampuni ndogo iliyokuwa na vibarua karibu na kwangu ikamaliza kazi yake ghafla, watu wakasambazwa kwingine, na madeni yao yakabaki kwenye daftari langu na la mama mwenzangu wa jirani. Vijana wale hawakuwa wezi. Wao wenyewe walikuwa wanadai.

Jambo jingine ni tarehe. Usilipie kodi ndoto ya tarehe iliyotangazwa. Kwenye Barabara ya Kilwa, awamu ya pili ya kwenda Mbagala, njia za zege zilikaa muda mrefu zimekamilika bila mabasi kupita, wakati wenye nyumba wengine walishaanza kutaka kodi ya mwendokasi. Zege likiisha haina maana abiria wamefika. Mpaka mabasi yaanze, thamani ya fremu yako ni ile ya jana.

Ndiyo maana mkataba ni muhimu kuliko rangi ya ukuta. Hapa Dar tunalipa miezi sita au mwaka mzima mbele, na wengi mkataba wetu ni karatasi moja yenye sahihi mbili. Wakati wa ujenzi mwenye nyumba anatafuta mpangaji kwa shida, kwa hiyo hapo ndipo wewe una nguvu. Omba miaka miwili au mitatu kwa kodi mliyokubaliana, na muandike kodi itapanda kwa kiasi gani na lini. Andikeni kitakachotokea kwa kodi uliyokwishalipa kama jengo litabomolewa au mlango utazibwa. Pelekeni kwa mwanasheria, na angalau serikali ya mtaa iwe shahidi. Barabara ikifunguliwa ndipo watakuja wenye fedha zaidi yako, na karatasi hiyo ndiyo itakayokulinda. Ninaumia ninapoona mtu amevumilia vumbi lote, halafu mvunaji anakuwa mwingine.

Kabla ya kusaini, tazama ukuta kama umechorwa alama ya X. X nyekundu ina maana jengo liko ndani ya hifadhi ya barabara, yaani eneo la pembeni lililotengwa kwa ajili ya barabara. X ya kijani ni ya wale walioguswa na Sheria ya Barabara ya 2007, iliyopeleka hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Hao wana haki ya kulipwa fidia eneo lao likitwaliwa. Lakini usitegemee mita 30 kila mahali. Kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, hifadhi ilihesabiwa mita 121.5 kila upande, na mwaka 2017 nyumba nyingi sana zilibomolewa, nyingine zikiwa na maduka yaliyokuwepo kwa miaka. Uliza wakala wa serikali wa barabara: TANROADS kwa barabara kuu, TARURA kwa barabara za mitaa. Kauli ya mwenye nyumba kwamba "hapa hawafiki" haitoshi.

Kuhusu fidia, wapangaji wengi wanadhani haiwahusu hata kidogo. Kanuni za fidia za 2001 zinataja, pamoja na thamani ya ardhi na jengo, fidia ya kupoteza faida ya biashara inayofanyika kwenye eneo: faida halisi ya mwezi mara miezi 36. Lakini faida hiyo inathibitishwa kwa hesabu. Asiye na leseni, asiye na risiti, asiye na daftari la mauzo, atamwonyesha nini mthamini? Anza leo kuandika mauzo ya kila siku, hata kama ni kwenye daftari la shule. Siku mthamini anapopita hakikisha upo, jina lako limeandikwa kama mwenye biashara, na mwenye nyumba hajakusemea. Na ujue kwamba kwa sheria ya uthamini ya 2016, tathmini ya fidia ina uhai wa miaka miwili. Ukiona miaka inapita na hujalipwa, una haki ya kuuliza kuhusu tathmini mpya.

Kama biashara yako inategemea stendi, hesabu yako ni tofauti kabisa. Februari 2021 mabasi ya mikoani yalihama kutoka Ubungo kwenda Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis. Gesti, migahawa, wabeba mizigo, wauza maji na biskuti wa Ubungo walikuwa wanaishi kwa msafiri wa alfajiri na msafiri wa usiku, na msafiri huyo aliondoka na basi lake. Waliofuata Mbezi mapema walipata nafasi. Waliobaki na kuendelea kuuza kwa msafiri walishindwa. Waliobaki wakageukia mkazi, mwanafunzi na mfanyakazi wa ofisi waliweza. Stendi ikihama, amua upesi unamfuata nani.

Bidhaa nazo zinabadilika. Mtu wa mwendokasi asubuhi ana haraka na anajua foleni inamsubiri. Hakai mezani kunywa supu. Anataka chapati iliyokunjwa, yai la kuchemsha, maandazi ndani ya mfuko wa karatasi, na chenji iwe tayari. Jioni amechoka, anataka nyanya, dagaa, mkate, gesi, vocha, dawa ya mtoto, vyote kabla hajapanda bajaji. Genge zuri, duka la dawa, wakala wa fedha na saluni vinakaa vizuri karibu na kivuko. Mabati, saruji, magodoro na vipuri vizito havihitaji kituo. Vinahitaji mahali pa kusimamisha guta na kirikuu, na kwa biashara hizo barabara mpya yenye kingo ndefu inaweza kuwa hasara. Usilipe kodi ya abiria kama mteja wako anakuja na gari.

Weka pia akiba ya masika. Bonde la Jangwani likijaa maji, Barabara ya Morogoro inafungwa na mabasi yanakatika pale. Siku hizo chakula nilichopika kwa ajili ya wanaokwenda mjini kinabaki, kwa hiyo wingu likiwa zito usiku napunguza kipimo cha unga.

Nina neno kuhusu wenzetu wa meza na wa chini. Oktoba 2021 machinga waliondolewa pembezoni mwa barabara na kuelekezwa kwenye maeneo yaliyotengwa, na mengi ya maeneo hayo hayakuwa kwenye njia ya miguu ya wateja. Sikubaliani na mpango wa mji unaomwona muuza nyanya kama uchafu wa kituo. Abiria anamhitaji. Kituo kinapochorwa, kichorwe pamoja na sehemu ya meza, yenye paa, maji na choo, pembeni ya njia ya watu na si juu yake. Mpaka hilo lifanyike, ndugu yangu wa meza, usiweke mtaji wako wote kwenye hifadhi ya barabara. Jiungeni kikundi, mjisajili, muombe mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ule wa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, mkachukue fremu moja ya pamoja kwenye njia ileile.

Na nendeni kwenye mikutano ya mtaa wakati mradi bado uko kwenye karatasi. Awamu ya pili ilifadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, ya tatu na ya nne na Benki ya Dunia, na miradi ya namna hiyo inatakiwa kuwa na utaratibu wa kupokea malalamiko ya wananchi. Ulizeni afisa jamii wa mradi ni nani na anapatikana wapi. Andikeni barua, mbaki na nakala iliyogongwa mhuri. Yapo mambo matatu ya kudai: kivuko kiwekwe mkabala na uchochoro ambao watu wanautumia tayari, kina cha mtaro kisirudishe maji kwenye fremu, na bajaji zipewe mahali pa kusimama karibu na kivuko. Hayo yanaombwa kabla zege halijamwagwa. Likishamwagwa, kuhamisha kivuko hata kwa hatua chache ni kazi ya miaka.