Sura ya Kwanza Haiishi

Swali: Mhariri, assalamu alaykum. Mimi ni mama wa watoto watatu, mtaa wa Langoni, Lamu. Riwaya yangu ya kwanza, ya majini na mabaharia, imefika sura ya 9, lakini kila nipatapo nafasi usiku narudi kuisahihisha sura ya kwanza. Nifanyeje?

Jibu: Waalaykumu salamu, dada yangu. Iache mpaka umalize ya mwisho, kwani mwisho ndio utakaokuonyesha mwanzo unahitaji nini. Kosa ukilikumbuka huku unakuna nazi, liandike pembeni mwa daftari, uendelee. Utakaporudi, anza na kanuni za ulimwengu wako: jahazi lililotoka Arabuni kwa pepo za kaskazi hungoja kusi ndipo lirejee, na ikiwa jini wako aweza kuligeuza kabla, tueleze mapema uwezo huo ameupata wapi.